KIFUNIKO KANDO YA UKUTA



Mwezi uliopita tulikwenda hospitali kumjulia hali ndugu yetu mmoja. Mkono wake wa kulia umekatwa chini ya kiwiko. Alikuwa kibarua wa zamu ya usiku katika kiwanda cha vitu vya mpira, siku yake ya nne kazini, na hapakuwa na mtu aliyemwonyesha mahali pa kuzimia mashini. Neno la kwanza alilotuuliza halikuwa juu ya mkono. Aliuliza kama tajiri atamwandika tena.

Tajiri anasema kijana alikuwa mzembe. Maneno hayo tumeyazoea. Lakini kifuniko cha roli zile kilikuwa kimefunguliwa na kuegemezwa ukutani kwa majuma mengi, kwa sababu nyapara alitaka mpira uingie upesi. Kila aliyepita alikiona. Sisi wajumbe wa chama pia tulikiona, tukanyamaza.

Tufanye hesabu kidogo. Roli inayokwenda mita 1 kwa sekunde huvuta sentimita 25 katika robo ya sekunde. Mtu mzima wa afya huhitaji karibu muda huo huo kushtuka tu, kabla hajaanza kuurudisha mkono. Basi anaposhtuka, kiganja chote kimekwisha ingia. Uzembe uko wapi hapo?

Wako matajiri wanaogawa glavu wakadhani wamemaliza. Glavu ni nzuri kwa kubeba mabati; mbele ya kekee ya umeme inayozunguka ni mtego, maana ikinaswa huondoka na kidole. Na wewe unayesafisha mashini ikiwa inakwenda ili uwahi basi, acha. Zima kwenye swichi kubwa, tia kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako wewe, si mwa nyapara. Kisha ngoja gurudumu lisimame kabisa, kwa kuwa huendelea kuzunguka baada ya umeme kukatwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri azibe sehemu za hatari za mashini, na inakataza mtu kuwekwa kwenye mashini ya hatari bila kufundishwa au kusimamiwa. Hata ile Sheria ya Viwanda ya zamani, Sura ya 514, ilisema hivyo. Penye watu 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama, na wafanya kazi wamo ndani yake. Tena ukiona hatari kubwa iliyo karibu, mwarifu msimamizi uondoke hapo. Mwajiri hawezi kukurudisha kabla haijaondolewa.

Juu ya fidia, wengi wanapotea njia. Sheria ya mwaka 2007 inahusu pia mapatano ya mdomo, kwa hiyo kibarua asiambiwe kwamba hana haki. Toa habari ya ajali mara moja. Mwajiri ana siku 7 za kumpelekea habari hiyo Mkurugenzi. Madai yapelekwe kwa Mkurugenzi kabla ya miezi 12 kupita. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua mwezi wa Desemba 2019, njia ni hiyo, wala usimlipe mtu anayekuahidi kukukimbiza mahakamani kwanza. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na hesabu yake hutoka katika mshahara wa miezi 96. Kwa kibarua mwenye mshahara mdogo, hata hiyo si nyingi.

Karatasi za kijana wetu zimekwisha pelekwa. Aliziandikia jina kwa mkono wa kushoto, akachukua muda mrefu.

Sasa kila mjumbe alete ofisini, kabla ya mwisho wa mwezi huu, orodha ya mashini zisizo na kinga katika kiwanda chake. Penye kifuniko kilichoegemezwa ukutani aandike tarehe aliyokiona na jina la nyapara aliyeambiwa. Tutaipeleka kwa mwajiri kwa barua, na nakala kwa mkaguzi.