Na sisi tulio mbali na kampasi?

Mwandishi, katika makala yako uliposema COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, imemaliza tatizo la majarida ya kitaaluma, umetusahau wa mikoani. Kuungana kulipia ni jambo kubwa, kwa sababu bei za wachapishaji wa nje ni vigumu kwa maktaba ya chuo nchini kuzimudu peke yake. Lakini mengi ya majarida hayo hufunguka kwa kutambua mtandao wa chuo. Mimi nafundisha sekondari hapa Bariadi, mkoani Simiyu, huku nasoma uzamili kwa masafa. Nikifungua makala nyumbani naambiwa nilipe dola. Njia ya kuingia ukiwa mbali ipo, ila nywila niliipata muhula ukielekea ukingoni, na hakuna aliyetuelekeza kuitumia.

Na wewe ndugu uliyeandika kwenye maoni hapo juu kwamba watu wa mikoani hawasomi, hapana, tunasoma sana! Simiyu ni mkoa wa pamba, kwa hiyo majarida ya kilimo yanatuhusu. Mpango wa AGORA, wa tangu 2003, unazipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kilimo bure au kwa bei nafuu. Afisa ugani wa Meatu au Itilima anayahitaji mno, ila hana chuo cha kumpa nywila. Wakutubi wetu, hilo mnaweza kulianza hata mwaka huu: zisaidieni halmashauri kujisajili AGORA, ili maafisa ugani wao wapate nywila.