Fomu Isiyo na Nafasi ya "Sina"

Fomu ya kuomba kazi ya kuandika programu ilikuwa na nyota nyekundu kwenye kila kisanduku. Jina, simu, barua pepe, kisha "Shahada". Ukigusa hapo inashuka orodha: Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu, Mifumo ya Habari, na nyingine mbili tatu za ukoo huohuo. Hakuna "nyingine". Hakuna "sina". Binti wa jirani yangu, aliyekuwa karani wa mapokezi katika zahanati moja ya Temeke kwa miaka sita, alikaa mezani kwangu akaitazama fomu ile kama mtu aliyekuta geti lina kufuli na mlinzi hayupo. Kisha akacheka.

"Anko, hata fomu yenyewe imekosewa."

Alikuwa ameandika namba yake ya simu, na fomu ikaimeza sifuri ya mwanzo. Aliyeitengeneza aliichukulia simu kama namba ya kujumlisha na kutoa, na kwa hesabu za aina hiyo sifuri ya mbele haina kazi. Kosa hilo binti analifahamu vizuri. Alilifanya mwenyewe mwaka wake wa kwanza wa kujifunza programu, usiku, kwa bando la usiku na kompyuta mpakato ya mtumba isiyokaa na chaji.

Sasa, je, aachiwe apite? Mwajiri nisimlaumu haraka. Tangazo moja la kazi linaleta maombi mamia, na anayeyapitia ana mchana mmoja. Shahada ni chekeche la bei rahisi: haimwambii nani anaweza, lakini inampunguzia rundo. Ndiyo maana hata Marekani, ambako kampuni kubwa zimetangaza kwa mbwembwe kwamba zimeacha kudai shahada, mambo hayajasogea sana. Ripoti ya mwaka 2024 ya Harvard Business School na Burning Glass Institute ilikadiria kuwa mabadiliko hayo yamegusa chini ya mtu mmoja kati ya kila 700 wanaoajiriwa. Sharti linafutwa kwenye tangazo, linabaki kichwani mwa anayeajiri.

Kwetu Tanzania sharti hilo lina mizizi zaidi. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sitetei kughushi hata kidogo. Ila uhakiki huo uliwakumba pia watu ambao hawakughushi chochote: madereva, walinzi na wengineo wa darasa la saba walioajiriwa baada ya 20 Mei 2004, waliotolewa kazini kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Mwaka uliofuata serikali ikaagiza warudishwe. Hapo katikati kuna watu walioendesha gari la ofisi miaka kumi bila kuligonga, wakaambiwa hawajui kuendesha kwa kuwa hawakusoma Kemia.

Na Kiswahili chenyewe kina neno ambalo halikuwahi kuuliza mtu kasoma wapi. Fundi ni wa nyundo, wa cherehani, wa redio. Neno hilo ni ndugu wa kufunda na kufundisha, na huko Ngazija, visiwani Komoro, hadi leo fundi ni mwalimu wa dini. Mhandisi ni mwingine, naye jina lake linalindwa na sheria. Huwezi kujipachika tu. Huyu binti hajaomba kuitwa mhandisi. Ameomba kupimwa.

Kenya nusura wafunge mlango wote. Muswada wa watendaji wa teknolojia ya habari ulizunguka kuanzia mwaka 2016, ukakataliwa, ukarudi kwa sura ya 2020, ukitaka wanaofanya kazi hizo waandikishwe na baraza na kukata leseni kila mwaka, huku masharti yakiegemea vyeti vya chuo. Bunge la Taifa liliupitisha 2022. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Naona alifanya sawa. Nairobi isingekuwa Nairobi hii ya programu za simu kama kila kijana angeanza kwa kupanga foleni ya leseni. Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyokusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilianza na wito wa mwanasheria, Ory Okolloh, kwenye ukurasa wake. Wajuzi wa kompyuta wakaitikia na kuijenga kwa siku chache. Yeye alijua kinachohitajika. Hilo halifundishwi kwenye kozi ya programu.

Wanaotaka leseni wana hoja moja nzito: mtu asiyejua anaweza kuumiza wengine. Kweli. Fundi umeme akisahau ethi, hita ya bafuni inakuwa mtego. Ndiyo maana mamlaka za nishati, EWURA hapa Tanzania na EPRA kule Kenya, hutoa leseni za mafundi umeme, na sina ugomvi nazo. Lakini zitazameni kwa makini: zina madaraja, na madaraja ya chini yanafikiwa na fundi mwenye cheti cha ufundi stadi. Pale penye hatari ya kifo kabisa, sheria haikudai shahada kwa kila mtu. Ilidai mkono uliopimwa. Kwa upande wa programu, hofu kubwa ni taarifa za watu kuvuja, na hilo tuna dawa yake: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria hizi zinambana anayeshika taarifa zako, bila kujali aliyeandika programu yake alipita chuo kikuu cha Mlimani au mtaa wa Mbagala.

Hata hivyo nisiwapake mafuta wanaojifunza wenyewe. Chuo kinafundisha kitu ambacho usiku wa bando haufundishi kirahisi, na nilikishuhudia.

Zahanatini binti alikuwa amechoshwa na majina pacha. Mama yuleyule anaandikwa Mwanaidi Juma leo, Mwanaid J. Salum mwezi ujao, na namba ya simu ni ya jirani kwa sababu yake iliibiwa. Ujumbe wa kukumbusha kliniki unakwenda kwa jirani. Akaandika programu ya kuwatafuta pacha hao, na ilikuwa na akili ambayo mhitimu wa chuo asingeifikiria: haikuamini namba ya simu, na ilijua kwamba tarehe ya kuzaliwa 1 Januari mara nyingi maana yake ni "sikumbuki". Kwa wagonjwa 1,000 ilimaliza kabla hujanywa chai. Akaipeleka kwa mtu mwenye orodha ya watu 100,000. Ikanyamaza. Siku tatu aliilaumu kompyuta.

Kosa lilikuwa hili: programu ilikuwa ikimlinganisha kila mtu na kila mtu. Watu 1,000 ni ulinganisho milioni moja. Watu 100,000 si mara mia ya hapo, ni mara elfu kumi: bilioni 10. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta hupigwa na swali hili kwenye mtihani mpaka anaota. Binti hakuwahi kulisikia. Aliyemwokoa ni kaka mmoja wa ofisi ya jirani, aliyetazama skrini dakika tano akamwambia wapange kwanza kwa makundi, kwa sauti ya jina, kisha ulinganishe ndani ya kundi tu. Jioni hiyohiyo orodha ikaisha.

Dakika tano hizo ndizo ninazozizungumzia. Pengo lake lilizibwa na mtu aliyeketi kando, si na miaka mitatu ya ada. Lakini bila huyo mtu, hata mwaka wa kumi angeendelea kuilaumu kompyuta. Kozi za miezi michache zinauza njia ya kufika mlangoni, na baadhi zinafundisha vizuri. Kiti kando ya mzoefu haziwezi kukuuzia, na viti vinapungua. Kampuni ya Andela ilianza Lagos 2014 kwa wazo lililotusisimua: kijana alipwe huku akifunzwa, kisha afanye kazi kwa kampuni za ng'ambo. Ikafika Nairobi na Kampala. Septemba 2019 iliwaachisha vijana takriban 400 wa ngazi ya chini, kwa maelezo kwamba wateja wanataka wazoefu. Ilipofika ChatGPT mwishoni mwa 2022, vile vikazi vidogo alivyoachiwa mgeni ajifunzie navyo vikawa vya mashine. Wote wanataka fundi aliyeiva, na hakuna anayetaka kuwasha jiko.

Kinachobaki ni kujitolea. Mtoto wa mwenye nacho anaweza kujitolea mwaka mzima bila mshahara mpaka apate jina. Aliyeacha kazi ya ukarani akiwa na watoto wawili hawezi, nauli tu inamshinda. Kwa hiyo mjadala wa shahada unaficha mjadala wa nauli.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa kazi yake, mapengo yanazibwa kwa mafunzo mafupi, anapewa cheti. Nimezoea kuusikia kwa maseremala, waashi, mafundi magari na wapishi. Ningependa kuusikia kwa waandishi wa programu, kwa mtihani wa kuketi na orodha ya watu 100,000 na kuambiwa: itengeneze. Na zabuni za mifumo ya serikali, ambazo ni pesa yetu, zingeweza kudai kila mshindi aweke viti viwili vya wanagenzi wanaolipwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya uzinduzi wenye mahema na fulana.

Binti hakuituma ile fomu. Alipata kazi katika hospitali moja, idara ya kumbukumbu. Programu yake ya majina pacha inafanya kazi huko kila Ijumaa usiku, na mfumo ukikwama wanampigia yeye, hata Jumapili. Mwisho wa mwezi anasaini orodha ya mishahara kwenye mstari wa saba: karani.