Wikiendi Lushoto? Anzeni na upepo wa tairi

Mwezi huu tunapanda Usambara. Najua mna kile kigari kidogo cha foo-wili, Jimny au nduguye, na mmeshaahidiana baridi ya Lushoto na picha pale Irente. Safi sana. Swali langu ni moja: kati yenu wawili, nani alipima upepo wa tairi mara ya mwisho? Kama jibu ni "yule kijana wa sheli", tuna kazi.

Kijana wa sheli hana ubaya, ila kwake kila gari ni psi 35, na akikupenda anakujazia 40. Sasa nenda kasome kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Jimny iliyotoka 2018 imeandikiwa psi 26 tu, kwa sababu ni gari jepesi. Ukiijaza kama pikapu, tairi linakanyaga kwa katikati peke yake. Kwenye barabara ya udongo kuelekea Mtae gari litarukaruka kama mbuzi, na breki utazikanyaga mapema kuliko ulivyozoea. Ukiacha upepo pungufu nako ni noma: kwenye kona tairi linajikunja ubavuni, linapata moto na kulika pembeni.

Wengine wanasema ukipanda mlima upepo unabadilika. Kweli, ila kidogo. Kutoka Mombo hadi Lushoto mnapanda kama mita 1,000. Hewa ya nje inakuwa nyepesi, kwa hiyo geji inapanda karibu psi 1.5. Lakini baridi nayo inaishusha karibu hivyohivyo, ngoma droo! Kinachodanganya zaidi ni joto la safari. Mkitoka Dar na kufika Mombo saa nane mchana, geji inaweza kusoma psi 4 zaidi. Msipunguze hata chembe! Pimeni asubuhi, kabla gari halijatembea. Geji ya mkononi haina bei ya kutisha, na ni zawadi nzuri kuliko maua ya plastiki.

Vipi zile sensa za kufunga kwenye valvu? Ni nzuri, ila msizitegemee kama mganga. Kwa magari ya Marekani, sheria inataka taa iwake upepo ukishapungua kwa asilimia 25. Kwa Jimny hiyo ni kama psi 19 na nusu, na hapo pengine mmeshapita kona ishirini.

Tuje kwenye kuhamisha tairi. Kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 za kona, breki na uzito wote kuegemea mbele. Ndiyo maana tairi za mbele hulika mabegani haraka. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000, za nyuma zije mbele upande uleule, za mbele ziende nyuma kwa kukatisha, ya kulia ikae kushoto na ya kushoto kulia. Kama tairi lina mshale ubavuni, libaki upande wake. Spea nayo ipewe zamu kama saizi ni moja, isije ikazeekea mgongoni mwa gari.

Kwa foo-wili hii si urembo. Ukiiweka ya kweli, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Tairi mpya huku na kipara kule hazizunguki sawa, na anayeumia ni giaboksi. Bei ya hiyo inaweza kuahirisha hata send-off.

Na dada, usiniambie hiyo ni kazi ya baba watoto. Kwenye kona za Soni tairi haliulizi nani kashika usukani. Mmoja apige jeki, mwingine asome geji. Mkishatembea kama kilomita 80, simameni tena mkaze nati zote.