SEHEMU YA 4: Msiseme mtoto mtundu. Semeni beseni liliwekwa wapi

Niliahidi tutaongelea maji ya moto ya kuogea. Leo sibembelezi mtu.

Juni na Julai huku Kibosho kila nyumba inachemsha maji. Sawa kabisa, baridi yetu tunaijua. Lakini msimu huohuo ndio napokea watoto walioungua, na maneno ni yaleyale: "Nesi, niligeuka tu kuchukua taulo. Huyu mtoto mtundu sana."

Hapana jamani. Mtoto wa mwaka na nusu hana utundu. Amejifunza kutembea juzi, anataka kushika kila kitu. Aliyechagua kuweka maji ya moto njiani kwake ni mtu mzima.

Mmoja sitamsahau. Mama yake alikuwa amejifungua, bibi akaleta ndoo ya maji ya kumkanda. Akaiweka chini, kati ya kitanda na mlango. Mtoto mkubwa akaja mbio kumwona mdogo wake, akarudi kinyumenyume, akakaa ndani ya ndoo. Alifika kwetu amepakwa dawa ya meno mgongo mzima. Hapo nani mtundu?

Najua mtaniambia, "Sisi tumelelewa hivyohivyo na tumekua." Mmekua nyie mnaosimulia. Waulizeni wanaovaa mikono mirefu hata kwenye jua.

Na nyie baba zangu, msijifiche. Desemba ikikaribia mnapaka rangi sebule na kuweka vigae, wageni watoke Dar wasifie. Bafu je? Lipo nyuma huko, sakafu ya utelezi, mlango hauna komeo. Mama anabeba sufuria ya moto kutoka jiko la nje, anavuka uwanja wenye tope, mtoto kashika kanga yake. Halafu Krismasi inafika, nyumba ina watoto kumi, wengine mafiga hawajawahi kuyaona. Hela ya komeo na mfuko mmoja wa saruji haikosekani kwenye nyumba yenye vigae.

Kwa hiyo chagueni mahali, na pawe hapohapo kila siku:

1. Kona ya bafu, mbali na mlango. Si jikoni, si koridoni, si kando ya kitanda. Sakafu iwe ya kukwaruza kidogo na mlango ufungwe.

2. Beseni likae chini, palipo sawa. Usilipandishe kwenye kigoda kinachoyumba.

3. Maji ya baridi yanatangulia, ya moto yanafuata. Ukianza na ya moto ukaenda kutafuta ya baridi, umeshatega mtego. Koroga, pima kwa kiwiko. Mtoto anaingia mwisho, vyombo vya moto vikiwa vimeshatoka.

4. Ndoo ya mzazi iwe na mfuniko, na mtoto mkubwa ashikwe na mtu mwingine mpaka kazi iishe. Na maji ya kumuunguza mzazi si dawa. Yawe ya uvuguvugu, asikandwe kwenye mshono.

5. Jiko la mkaa lisiingie bafuni wala chumbani eti kupasha hewa. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, inaua watu wamelala.

Akiungua: mtoe kwenye maji, mvue nguo zilizolowa, ila iliyogandia kwenye ngozi iache. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili mwingine umefunikwa, maana huku kwetu atapigwa na baridi. Usiweke barafu, yai, asali wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi, njoo hospitali. Dawa ya meno inabidi tuioshe kwanza ndipo tuone kidonda, na anayelia tukiiosha ni mtoto.

Leo jioni kabla ya kubandika maji, chuchumaa mpaka kimo cha mwanao, utembee hivyo toka chumbani hadi bafuni. Utaona mwenyewe mikono yake inafika wapi.

Mwonyeshe na baba yao. Bibi msomee, kwa heshima, lakini msomee yote.

Sehemu ya 5: mafuta ya taa kwenye chupa ya soda.