Mwanafunzi wa Kompyuta Hakuja Kutupikia Chai



Imetufikia barua kutoka chuo kimoja cha Unguja, yatuomba tuwapokee wanafunzi wawili wa fani ya kompyuta na mitandao, wafanye kazi katika ofisi ya chama kwa muda wa wiki nane. Ndiyo ile ambayo vijana wenyewe huiita fildi, na wakubwa wao huiita mafunzo kwa vitendo. Barua ilisomwa mbele ya kamati, na maneno yakawa mengi. Wako waliosema isijibiwe, kwani yule wa mwaka jana alikuja akaenda zake, na leo mashine zatusumbua kama kwanza. Wako waliosema wapokewe upesi, kwani ni wafanyakazi wa bure. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea, na kwa kuwa jambo hili lagusa fedha za wanachama na daftari la wanachama, ni haki liandikwe hapa ili kila mtu alisome kabla ya mkutano.

Yafaa tuanze kwa kusema kweli juu ya mwaka jana, ingawa kweli yenyewe haitupendezi.

Binti aliyekuja kwetu msimu uliopita ni mtoto wa hapa hapa Pemba, aliyevuka kwenda Unguja kusoma. Alikuja na barua yake, na kitabu kidogo ambacho kila wiki huandikwa kazi alizozifanya na kutiwa sahihi na mkubwa wa kazi. Kitabu hicho si mapambo. Hupelekwa chuoni na kutolewa maksi. Wiki ya kwanza tulimtuma kutoa nakala za barua. Wiki ya pili alitumwa dukani kununua vocha, akachapa orodha ya majina, akapika chai. Wiki ya tatu ilikuwa kama ya pili. Hapana aliyemfanyia ubaya. Kila mtu alimwita mwanangu, na chai yake, kusema haki, ilikuwa nzuri. Lakini hapana hata mmoja aliyemwambia, "Mwanangu, njoo uitazame mashine hii." Siku ya sahihi ilipofika, tulizitia sahihi za wiki tatu kwa mkupuo mmoja, tukaandika, "Amesaidia kazi za ofisi." Wiki tatu katika nane! Mkulima akiibiwa pishi tatu katika kila nane hafiki jioni ila yuko barazani kwa sheha.

Wiki ya nne ndiyo iliyotuaibisha. Wengi wenu mlikuwapo. Ulikuwa wakati wa mavuno, magunia yamepangwa mpaka nje ya banda la mizani, wingu limefunga upande wa kusini, na vikaratasi vya uzito havitoki. Karani abonyeza, mashine yasema imekwisha kuchapa, na printa imekaa kimya. Sote twajua karafuu iliyokauka ikirudiwa na maji huwaje: huota ukungu, hupoteza rangi, na daraja lake huanguka. Mtu ameianika siku nne juu ya majamvi, ameianua kila jioni na kuitoa tena asubuhi, halafu ije iharibike mlangoni pa mizani kwa ajili ya kikaratasi! Tulimpigia simu fundi wa mjini. Akasema atakuja kesho kutwa, na akataja ujira ambao mtunza fedha aliuomba urudiwe, akidhani hakusikia vizuri.

Binti akaweka birika chini, akauliza kama anaweza kupewa nusu saa.

Alilolikuta ni jambo dogo, na yafaa tulieleze, kwani laweza kumpata mtu yeyote mwenye ofisi. Kila mashine iliyomo katika mtandao ina namba yake, kama nyumba zenye namba mtaani. Namba hizo aghlabu hugawiwa na rauta yenyewe. Printa yetu ilikuwa na namba yake ya siku zote, na kompyuta mpya ilipoletwa, mtu mmoja wa ofisini (hatumtaji, naye anajijua) aliiandikia namba kwa mkono, akaiandikia ile ile ya printa. Basi barua zikawa zapelekwa nyumba mbili zenye namba moja, na mpeleka barua akachanganyikiwa. Binti aliiondoa ile namba, akaiacha rauta iigawie kompyuta nyingine, na vikaratasi vikaanza kutoka. Magunia ya mwisho yalipimwa matone yakianza kudondoka.

Baada ya siku ile hapana aliyemtuma dukani tena. Na wiki tano zilizobaki alizifanyia kazi ambayo miaka mingi haikufanywa. Alifuata waya utokao ofisini mpaka banda la mizani, akaupima kwa kamba, ukatoka mita 130 na ushei. Akatueleza kwamba waya wa namna ile haufai kuzidi mita 100. Ukizidi, khabari hufika zimepungua au hazifiki kabisa. Tena katikati ulikuwa umeungwa kwa utepe, nje, penye mvua na upepo wa bahari, na shaba yake imekuwa kijani kama sufuria ya zamani. Akaukata, akautia swichi ndogo ndani ya ghala palipo na umeme, na kila kipande kikawa kifupi cha kutosha.

Tulimtazama akifunga ncha za waya ule. Ndani yake mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, na kusokotwa huko kuna maana, kwani ndiko kunakozuia kelele za uzi mmoja kuingia katika mwingine. Mtu akizifumua mno penye ncha ameiharibu kazi. Nazo zina mpango wao wa rangi: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Vidole vyake vilikwenda upesi kama vya mama anayechambua karafuu na makonyo huku akizungumza. Tuliona haya, twasema kweli, kwamba vidole hivyo tulivishikisha birika siku kumi na tano za kazi.

Kisha akauliza daftari la wanachama liko wapi. Tukamwonyesha: lote, majina, mashamba, uzito wa kila msimu, limo katika kompyuta moja, juu ya meza moja, chini ya bati lenye tundu. Akauliza, nakala iko wapi? Tukatazamana. Wazee wetu walijua khatari ya namna hii kabla ya kompyuta kuzaliwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, kilichoiokoa biashara ya karafuu ya visiwa hivi ni kwamba mikarafuu mingine ilikuwa huku Pemba, ambako dhoruba haikuvuma kwa nguvu ile. Lau yote ingekuwa shamba moja, yangekwisha usiku mmoja. Binti alifanya nakala mbili katika diski mbili. Moja ikawekwa kabatini, ya pili nyumbani kwa mtunza fedha, mbali na ofisi. Na akasema kila Ijumaa zifanywe upya.

Wiki ya nane ilikwisha, tukampa mkono, akaenda zake.

Sasa twafika kwa wale wanaosema kwamba alikuja akaenda na hapana faida iliyobaki. Hapo pana kweli, ila lawama wameitupa pasipo pake. Alituachia daftari la kurasa arobaini, limechorwa kila waya unapopita, kila mashine na namba yake, na la kufanya umeme ukikatika. Daftari lile lilitiwa ndani ya mtoto wa meza. Zile nakala za kila Ijumaa zilifanywa Ijumaa mbili. Na umeme ulipokatika ghafla na kurudi kwa kishindo, rauta ikasahau mambo yake, hapana aliyejua la kufanya, tukampigia simu binti wa watu, naye yumo katika siku za mitihani. Alitoka nje ya chumba cha kusomea akatuongoza kwa simu muda wa saa nzima, neno kwa neno, bonyeza hapa, andika hivi. Haikuwa kazi yake tena, na hatukumlipa hata fedha ya simu.

Kosa, basi, lilikuwa nini? Alifanya kazi peke yake. Hapana kijana wetu aliyekaa kando yake. Sisi tulidhani kupokea mwanafunzi ni kupata fundi wa bure, na chuo nacho kilidhani kumpeleka mwanafunzi ni kumaliza kazi. Mwalimu wake alifika mara moja, akakaa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, akatazama kitabu, akaondoka kuiwahi boti. Wote wawili tulimwachia mtoto mzigo.

Mtu hafundishwi kuchuma karafuu kwa kuhesabishwa magunia. Hufundishwa mtini. Kwanza hupewa matawi ya chini, mchumaji mzee yuko karibu, amwambia tawi lipi lavutika na lipi litakatika, kwani tawi likivunjwa mwaka huu, mwaka ujao halina kitu. Ndivyo itakiwavyo kwa kompyuta. Iko ofisini mashine ya zamani iliyokwisha kazi. Wanafunzi hawa wapewe hiyo kwanza, waifungue, waifunge, waiharibu wakipenda na kuitengeneza. Wakionekana mikono yao ni mizuri, ndipo waguse mtandao wenyewe, na wakati wa mizani wasibadilishe kitu ila kwa ruhusa. Na tangu siku ya kwanza wawe na mwenzao wa kudumu, mwenyeji wa ofisi, ambaye kazi yake ni kujifunza kila wanachokijua. Sisi twamtaja karani msaidizi, kwani ni kijana na hachoki kuuliza. Sahihi za kitabu zitiwe kila Alkhamisi jioni, baada ya kusomwa.

Wapo wazee waliotuuliza, na ni swali la haki, je, mtoto wa watu aingie katika hesabu zetu, aone nani amevuna nini? Jawabu ni kwamba si lazima aone. Kompyuta yaweza kumpa kila mtu jina lake la kuingilia na neno lake la siri, na kumwekea mpaka wa anachokiona, na siku anapoondoka jina lile likafungwa. Leo, kwa khabari yenu, ofisi nzima yatumia neno moja la siri, nalo limebandikwa kwa karatasi pembeni ya kioo. Mgeni anayekuja kuuliza bei ya magunia aweza kulisoma. Tukiogopa macho ya wanafunzi wawili, tubandue kwanza karatasi ile.

Ama fedha. Chuo hakitaki mshahara. Lakini kijana anayetoka nyumbani alfajiri kwa daladala na kurudi magharibi hali hewa. Wiki nane ni siku 40 za kazi. Nauli na chakula cha mchana cha siku 40 kwa watu wawili, mtunza fedha amekwisha kukipigia hesabu, na hakifiki alichokitaka yule fundi wa mjini kwa safari moja. Kuna mwanachama aliyesema kwamba yeye alipofundishwa kazi hakulipwa nauli. Twamheshimu, lakini twamkumbuka vizuri: alifundishwa na ami yake, akala kwa ami yake, akalala kwa ami yake.

Tena tusiseme kwamba mambo haya ni ya mjini, shamba hayatuhusu. Tangu mwaka 2010 kisiwa chetu chapata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na simu imefika mpaka vijijini kwenye mikarafuu. Daftari la karatasi hatulirudii. Khiari iliyobaki ni kuwa na mtu wetu anayeijua mashine, au kumngoja fundi huku wingu likifunga.

Mmoja wa wanafunzi hawa ni mwanamke, na kwao ni mbali, hawezi kwenda na kurudi kwa siku. Anatakiwa mama mwenye nyumba karibu na ofisi atakayempa chumba kwa wiki nane, na chama kitachangia chakula chake. Aliye tayari na aje amwone katibu. Jibu la barua latakiwa chuoni kabla ya mwisho wa mwezi huu, na mkutano ni Jumapili baada ya sala ya adhuhuri. Lile daftari la kurasa arobaini tumelitoa ndani ya mtoto wa meza. Liko juu ya meza ya karani, na karani msaidizi amefika ukurasa wa kumi na mbili.