Kilioni Twende, Harusini Tusiende?



Ramadhani inakaribia, na kama ilivyo ada yetu Unguja, kila mwenye mwana anataka kuoza kabla mwezi haujaandama. Kadi zinafuatana. Mtu mmoja wa Kikwajuni anaweza kuwa na mialiko mitatu ndani ya wiki moja: wa hapa mtaani, wa Miembeni, na wa kwa ami yake Fuoni. Na kila mwaliko siku hizi unakuja na swali lake: "Kichwa unafanya wapi?" Hakuna anayeuliza unakwenda lini kusaidia kuchambua mchele.

Nasema mapema ili asiyetaka kunisikia asipoteze muda wake. Mwalikwa wa harusi hana haja ya saluni. Nywele zake zisukwe nyumbani, kwa mkono wa dada, wifi au jirani, na kazi isizidi saa moja. Sisi wanawake tulioifanya saluni kuwa sharti la kuingia ukumbini tumekosea, na kosa letu lina watu linaowaumiza.

Mmoja namjua. Mwaka jana tulikuwa na harusi mtaani. Tukakubaliana sare, wanawake kama kumi na wawili: nguo rangi moja, na kwa mara ya kwanza kichwa nacho kiwe kimoja. Nywele zipandishwe juu, nyuma zibandikwe za kununua, ubavuni viwekwe vitu vya kumetameta. Bei ya kichwa kile ingelisha nyumba ya watu watano wiki nzima. Mimi nilikuwa katika waliosema "sawa". Sikufikiri mara mbili.

Siku ya harusi binti mmoja hakutokea. Bibi harusi ni mtoto wa ami yake, wamelala mkeka mmoja tangu wadogo. Alipotumiwa mtu, akasema ana homa. Ukumbini watu wakanong'ona: ana wivu huyo, hana udugu. Siku ya tatu nikampelekea sahani ya visheti vilivyobaki, nikamkuta mzima, anafua. Akanambia, "Dada, nguo nilishona. Kichwa ndicho sikukiweza. Nikaona nikija na nywele zangu hizi nitakuwa kama nazi mbovu kwenye tenga."

Sikuwa na la kumjibu. Mtoto wa watu amekosa kumuona nduguye akiolewa, kwa ajili ya nywele ambazo kesho yake asubuhi sote tulizifumua tukazitupa. Na waliomfungia mlango ndio hao hao waliokaa wakamsema, mimi nikiwa kati yao.

Sasa niulize. Mnaujua msuko wa twende kilioni? Nani asiyeujua. Mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso kurudi kisogoni, haina madoido. Jina lake lajieleza. Habari ya msiba imekuja, muda hakuna, kaa hapa nikusuke upesi twende. Jirani humsuka jirani, na jeneza halijatoka wote wameshafika. Sijapata kusikia mtu amebaki nyumbani kwenye msiba wa ami yake kwa sababu hakuwa na pesa ya saluni. Kilioni tunakwenda tulivyo, na hakuna anayetizama kichwa cha mwenziwe. Basi kwa nini furaha tuitoze kiingilio ambacho huzuni haina?

Najua nitaambiwa kwamba mashindano ya harusini hayakuanza leo. Kweli. Mombasa wanawake wa vyama vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, walishindana kwa nguo na kwa karamu mpaka mji ukagawanyika. Lakini sisi wa Kikwajuni tuna historia yetu ya kujipamba, nayo tuikumbuke. Hapa ni Ng'ambo. Wakati wa utumwa, kujifunika kichwa kwa nguo nzuri kulikuwa alama ya mwanamke muungwana. Mtumwa alivaa merikani au kaniki. Sheria ya 1897 ilipouondolea utumwa nguvu yake, wanawake wa Ng'ambo walijivalia kanga, na baadaye buibui, kama wenzao wa ng'ambo ya pili. Pambo kwao lilikuwa njia ya kuingia kwa watu na kuhesabiwa mtu. Wajukuu zao leo tunalitumia kumtoa mtu nje.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana kulaumu bila kuonyesha njia ni maneno matupu. Hivi hapa vichwa vitatu tunavyovifanya nyumbani kwetu. Vitu vinavyotakiwa ni kitana, chanuo, mafuta ya nazi, mpira wa nywele, pini kumi na mbili hivi, sindano na uzi. Vyote vinapatikana Darajani kwa bei ya nauli.

Cha kwanza ni fundo la kisogoni. Hili linafaa nywele za singa na zilizotiwa dawa. Paka mafuta kidogo, chana, gawa njia katikati au ubavuni, kisha kusanya nywele zote chini kabisa, pale shingo inapoanza. Funga mpira. Sokota mkia wako, uzungushe kwenye mpira mpaka uishe, ubanie kwa pini nne au tano. Hapo chukua vitumba vya asumini vilivyochumwa jioni ile ile, kabla havijafunguka, uvitunge kwenye uzi, uzungushie fundo. Ukifika ukumbini vitaanza kufunguka juu ya kichwa chako, na harufu yake itakutangulia. Ukipenda, ongeza rehani.

Cha pili ni taji la mabutu. Gawa nywele katikati kutoka mbele mpaka nyuma, suka mabutu mawili nyuma ya masikio. Chukua la kulia ulipitishe juu ya utosi kwenda kushoto, la kushoto lipite mbele yake kwenda kulia, na ncha zifichwe chini kwa pini. Kwa nywele fupi, usilazimishe zifike juu: yavushe mabutu kisogoni, kila moja liende upande wa mwenziwe. Kichwa hiki mtoto wa miaka kumi anaweza kumfanyia mama yake.

Cha tatu ni twende kilioni yenyewe, nami naitetea kwa moyo wote. Inafaa kabisa nywele za kipilipili. Suka mistari sita au minane kurudi nyuma, usikaze mbele, kisha unganisha mikia yote iwe msuko mmoja, uuviringe kisogoni. Chomeka kikuba ubavuni. Huo msuko uliokuwa wa msiba sasa una asumini, na ni wa harusi. Halafu unakaa nao wiki nzima, unakwenda nao Miembeni na Fuoni pia, mialiko mitatu kwa kazi ya saa moja.

Nimesema usikaze mbele, na nina sababu. Misuko inayovuta sana, na nywele nzito za kubandika zinazoning'inia kwenye nywele zako, hung'oa nywele za kwenye panja na mbele ya uso. Mvuto ukirudiwa miaka, vinyweleo hufa na nywele hazioti tena. Watizameni wenzetu wa umri wa miaka arubaini wanaovuta mtandio mbele kila dakika. Si wote wanaofanya hivyo kwa haya.

Na sasa lile zito kuliko yote, la dini yetu. Harusi zetu nyingi zinaanza jioni. Mtu ametoka saluni saa kumi, kichwa kimepuliziwa dawa kimekuwa kigumu kama kifuu, Magharibi inaingia, Isha inaingia, yeye amekaa. Ukimuuliza atasema, "Nitalipa nikirudi, udhu utaniharibia kichwa." Nimewaona wanaosema hivi, na Mwenyezi Mungu anisamehe, nimewahi kuwa mmoja wao.

Dada yangu, udhuru huo haupo. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu hapa tumelelewa nayo, kupaka maji sehemu ya kichwa katika udhu kunatosha, hata ikiwa ni ndogo, maadamu iko ndani ya mpaka wa kichwa. Vidole vyenye maji kwenye njia uliyoigawa mbele, umemaliza. Fundo halijaguswa, asumini hazijaanguka. Hata katika josho la janaba, Bi Ummu Salama radhi za Allah zimshukie alimuuliza Mtume, rehma na amani zimshukie, kama afumue misuko yake aliyoikaza, akamruhusu asiifumue. Dini imetuwekea wepesi mkubwa. Kinachotuzuia ni zile nywele za dukani tulizozifunika juu ya nywele zetu, maji yakawa hayana pa kupita.

Na nywele hizo nazo zina habari yake. Katika hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim, msichana wa Kiansari aliolewa, akaugua, nywele zikapukutika. Watu wake wakataka kumuunganishia nywele, wakamuuliza Mtume. Akakataza, na akataja laana kwa mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Ndugu zangu, huyo alikuwa bibi harusi, tena mgonjwa. Sisi waalikwa, wazima, wenye nywele zetu kichwani, tuna udhuru gani mbele yake? Kuhusu nyuzi na mfano wake wanazuoni wana maelezo yao. Kamuulize ustadhi wako. Lakini fundo la kisogoni halihitaji fatwa. Tena linakaa chini, ushungi unatulia juu yake njia nzima, halikupandishii kichwa kama nundu ya ngamia, jambo ambalo nalo tumeonywa.

Mtaniuliza, "Na wenye saluni wale nini?" Swali la haki. Wengi wao ni wanawake wenzetu, wanalea watoto kwa chanuo hilo. Bibi harusi aende kwao, siku hiyo ni yake. Mwenye uwezo na aende, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na neno "lazima" linaloandikwa kwenye makundi ya simu: kichwa lazima kiwe hivi, picha hii hapa, asiyeweza aseme mapema. Asiyeweza hasemi, shoga yangu. Asiyeweza huugua homa.

"Lakini harusi ni mara moja." Kwa bibi harusi, inshallah. Mwalikwa anazo ishirini kwa mwaka, na kila moja ina tunzo, ina sare, ina nauli. Ukiongeza na kichwa, mtu anaanza kuchagua ndugu wa kuwaendea. Wale maskini zaidi, ambao hata akienda hatapigwa picha, ndio anaowaacha.

"Mimi sijui kusuka." Hapa ndipo penye hasara yetu kubwa, na mnisikilize. Waswahili wanasema kinyozi hajinyoi. Hakuna anayekiona kisogo chake mwenyewe. Ndiyo maana mama zetu walisukana. Alasiri ya kuamkia harusi mkeka ulitandikwa ukumbini kwa mama, wanawake wakakaa mmoja nyuma ya mwenziwe kama mtungo, kila mtu mikono yake iko kwenye kichwa cha aliye mbele. Mtoto anatunga asumini, bibi anapeleka chetezo cha udi. Hapo ndipo mkwe alipojuana na wifi. Hapo ndipo mwenye dhiki aliponong'ona dhiki yake kwa sababu hakuna aliyemtizama usoni. Aliyekuja na nywele chafu alioshwa, asiye na pini alipewa. Sasa kila mmoja analipa apate kukaa peke yake mbele ya kioo, na tunakutana ukumbini tukiwa tumeshajitengeneza, tayari kwa kutizamana tu.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wa mama bado upo, umekunjwa nyuma ya mlango.

Basi naomba mambo mawili. Wewe unayepanga sare ya harusi ijayo, andika neno moja mwisho wa ujumbe wako: kichwa kila mtu alivyo. Neno hilo halikugharimu kitu, na huenda likamtoa mtu nyumbani. Na wewe mwenye binti, mfundishe kusuka kabla hujamfundisha kupaka wanja.

Mimi kwa upande wangu nimeshaanza. Yule binti wa homa nilimuomba anisuke nilipokuwa nakwenda kwenye hitima. Kumbe mkono wake mwepesi, mistari yake imenyooka kuliko niliyoilipia mwaka ule. Harusi ya Miembeni ni Ijumaa. Alkhamisi baada ya Alasiri mkeka utakuwa chini kwetu Kikwajuni, yeye ndiye atakayeanza kusuka. Njooni na vitana vyenu. Asumini zipo, mti wa jirani umejaa.

Wabillahi tawfiq.