Mgongo wa kuli nao ni mtaji

Kila juma mfanyabiashara hutazama bei ya mahindi, mchele na dagaa, kisha hupiga hesabu ya nauli, ushuru na faida. Ipo gharama moja isiyoonekana katika madaftari ya wengi wetu hapa Buzuruga, nayo ni afya ya wanaume wanaopakia na kushusha mizigo yetu.

Buzuruga iko kando ya barabara kuu iendayo Magu, Bunda na Musoma. Gunia linaloshushwa hapa hupita mgongoni mwa mtu kabla ya kufika dukani. Kuli hulipwa kwa mzigo, asipobeba, hali. Hivyo kiuno kikimuuma hunyamaza, na ngiri ikimtoka hujifunga kitambaa akaendelea na kazi.

Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa huvuka kiwango hicho. Tumezoea kusema kwamba lumbesa humpunja mkulima, na ni kweli, lakini humvunja na kuli. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima. Kuli akibeba magunia 40 ya kilo 100 kwa siku, tani 4 zimepita mgongoni mwake. Hata fuso hupumzishwa na kubadilishwa mafuta.

Aidha, yapo maumivu yasiyoonekana. Mwenye duka anayedaiwa marejesho ya mkopo, dereva asiyelala, na kuli aliyekosa kodi ya chumba, wote wamefundishwa kwamba mwanamume halii. Wengine hukimbilia pombe. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini mawazo yaliyokuwa yakizamishwa humo hayakupigwa marufuku. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalikadiria kuwa sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sokoni humuumbua pamoja na tajiri wake.

Wapo watakaosema: "Kuli si mwajiriwa wangu." Hata hivyo, mzigo ukichelewa kushushwa, gunia likipasuka, au kijana mgeni akichukua nafasi ya mzoefu aliyelala kitandani, hasara ni ya mwenye mzigo. Kwa mwenye waajiriwa, sheria haina utata. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na mwaka 2022 mchango wa sekta binafsi ulishushwa hadi asilimia 0.5 ya mishahara. Anayelipa mishahara ya shilingi 2,000,000 kwa mwezi huchangia shilingi 10,000, wala haruhusiwi kumkata mfanyakazi fedha hiyo.

Yafuatayo yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, tukatae kununua lumbesa, na panapowezekana tufungashe kwa kilo 50. Pili, wenye maduka jirani wachangie toroli, ili mgongo ubaki kwa hatua chache za mwisho. Tatu, kila kundi la makuli lipewe nusu siku, zamu kwa zamu, kwenda kupima shinikizo la damu na sukari katika kituo cha afya, bila kupoteza ujira. Nne, tajiri akiona kijana wake amebadilika, amwite pembeni amuulize, kabla ya kumfukuza.

Na wewe mwekezaji mdogo unayeombwa kuweka fedha katika ghala au kinu, usiishie kuuliza faida ya mwaka jana. Uliza pia ni watu wangapi waliumia na nani aliwatibu. Biashara inayobadilisha wabebaji kila msimu ina tundu ambalo mizania haijalionyesha.